Milo Minne, Milo Sita

Kwa miaka ishirini na miwili Mwalimu Ergash aliwafundisha watoto wa kijiji jambo moja, mpaka hata mbuzi walikuwa karibu kulijua: badilisha kitu kimoja tu, vingine vyote viache kama vilivyo. Alilisema darasani. Alilisema kwenye pilau za harusi, mkono ukiwa bado na mafuta. Siku moja alianza kulisema kwa kinyozi, kinyozi akamwambia, "Mwalimu, nyamaza kidogo, wembe uko shingoni."

Jaribio lake mwenyewe, la kuanza na kumaliza, hakuwahi kufanya hata moja. Hilo hakulisema popote.

Basi mwaka ule binti yake Munisa, msichana wa miaka kumi na sita, akaamua kufanya yeye. Pande zile za mji wa Margilon, ikifika Aprili kila nyumba huwaachia viwavi wa hariri chumba kizuri kuliko vyote, na wenye nyumba wakabanana barazani kama wageni wasioalikwa. Munisa aliomba viwavi mia sita kutoka kwa bibi yake, akawagawa kwenye sinia mbili. Sinia yenye uzi wa buluu ingelishwa majani ya mforsadi mara nne kwa siku, kama ilivyo desturi. Yenye uzi mwekundu ingelishwa mara sita. Uzito wa majani kwa siku ni uleule, chumba kilekile, joto lilelile. Kitu kimoja tu kimebadilika, yaani idadi ya milo. Mashindano ya sayansi ya wilaya yalikuwa mwisho wa Mei, na mshindi angepata nafasi katika shule ya bweni ya sayansi huko mjini. Mwaka uliotangulia Munisa aliikosa nafasi hiyo kwa alama moja, akalia siku tatu, na baba yake akalia naye siku moja na nusu, kwa siri, bandani kwa ng'ombe.

"Na hawa wa buluu wamekosa nini?" aliuliza Bibi Oyposhsha, mama yake Ergash, siku ya kwanza.

"Hawajakosa kitu, Bibi. Ndio kundi la kulinganishia."

"Yaani watoto wa kambo."

"Mama," akaingilia Ergash kwa ile sauti yake ya ubaoni, "bila kundi la kulinganishia hatuwezi kujua kama milo sita imeleta tofauti. Wanakula vilevile, ila kwa mafungu manne."

"Mimi mayai yao nimeyaatamia kifuani siku kumi, kwenye kifuko, nalala chali kama maiti nisije nikayaponda. Sasa unaniambia nusu watazame wenzao wakila?"

"Hawatazami, Mama. Viwavi hawaoni mbali."

"Njaa inaona."

Ergash alicheka, akamkonyeza binti yake. Munisa hakukonyeza. Aliwaomba wote wawili, kwa heshima na kwa majina, wasiziguse zile sinia. Ergash aliapa kwa mkate, mkono juu ya kipande cha mkate wa tanuru kilichokuwa mezani.

Siku ya tano, Munisa akiwa darasani, Ergash alipita nyumbani saa ya mapumziko kuchungulia. Shule na nyumba vimetenganishwa na mfereji tu. Aliinama juu ya sinia nyekundu, akainama juu ya buluu, akarudi nyekundu. Hakukuwa na tofauti. Kama ipo, basi wa buluu ndio walionenepa zaidi kidogo. Akilini alimwona Munisa mbele ya waamuzi akisema hakupata kitu, na waamuzi wakipiga miayo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amewaambia watoto wa watu kwamba jaribio lisiloonyesha tofauti nalo ni jibu, tena jibu la heshima. Lakini wale walikuwa watoto wa watu.

Akatoka uani, akakwanyua konzi moja ya majani, akawawekea wa nyekundu. Konzi moja tu. Njiani akirudi shuleni alijiita punda, kisha akawaomba punda radhi, maana punda haapi kwa mkate.

Kesho yake zilikuwa konzi mbili. Ukishaanza, unaanza kupata na sababu. Labda Munisa anapima majani yakiwa na umande, alijiambia, kwa hiyo nyekundu wanapunjika. Labda sinia ile imekaa mahali pa kivuli. Mwalimu mwenye elimu hakosi sababu; mjinga angekosa, akaacha.

Siku ya tisa aliingia chumbani na kikapu kidogo mgongoni, mikono imekizuia nyuma, akamkuta mama yake amesimama juu ya sinia ya buluu. Upindo wa gauni la yule mzee ulikuwa umejaa majani. Wakatazamana.

"Unatafuta nini hapa?" aliuliza Bibi Oyposhsha.

"Napima joto."

"Kwa kikapu?"

"Na wewe, Mama?"

"Nawaombea dua."

Viwavi waliendelea kutafuna. Bibi Oyposhsha ndiye aliyeketi kwanza, akapiga paja. "Tangu lini?"

"Jumatatu. Wewe?"

"Siku ya kwanza. Siwezi kumlisha mmoja mwenzake akiwepo, mwanangu. Ningefanya hivyo na mgeni, hata mbwa asingekuja tena nyumbani hapa."

Ndipo Ergash alipoelewa kwa nini wa buluu walikuwa wanene. Alikuwa amehujumu jaribio la mwanawe ili kulirekebisha jaribio ambalo mama yake alikuwa ameshalihujumu. Nyani haoni kundule, lakini yeye aliweza hata kuona la mama yake na bado akashindwa kuona la kwake kwa siku nne nzima. Walikubaliana kuacha, papo hapo, wote wawili. Mama aliapa kwa nuru ya macho yake. Ergash hakuapa kwa mkate safari hii. Na kila mmoja, kwa kuwa hakumwamini mwenzake, akaendelea kulisha upande wake ili wasizidiwe.

Viwavi wakapanda kwenye matawi makavu, wakajisokota, na vifukofuko vyao vikawa vikubwa kuliko vya nyumba yoyote kijijini, na vya sinia mbili vikawa sawasawa. Siku tatu kabla ya mashindano Munisa aliwaita baba na bibi kwenye chai ya asubuhi, daftari mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Nimepima mavi," alisema.

"Mavi?" aliuliza Ergash.

"Ya viwavi. Nilikuwa nayapima kila siku, ulinifundisha mwenyewe, pima kinachoingia na kinachotoka. Kila sinia imekula kilo sita za majani. Imekunya kilo sita na robo."

Bibi Oyposhsha aliingiza uso wote kwenye bakuli la chai.

"Haiwezekani, Baba. Hakuna mnyama anayekunya kuliko anavyokula. Nimekosea wapi?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake pa kusema. Ergash alifungua kinywa. Akaona miaka ishirini na miwili, akaona ubao, akaona kinyozi, akasikia kijiji kizima kikicheka. "Labda mizani, binti yangu," alisema. "Mizani yetu ya shule imezeeka."

"Niliijaribu kwa pakiti ya sukari ya kilo moja. Ilikuwa sawa."

"Basi unyevu. Unyevu una mambo."

Munisa alimtazama kidogo, kisha, kwa kuwa baba ndiye aliyeandikishwa kuwa msimamizi wa jaribio, akaandika: kwa maoni ya msimamizi, unyevu. Alimwamini. Ergash aliona haya kiasi kwamba chai ilimpalia, na Bibi Oyposhsha akampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa shule ya wilaya. Walimu wote walikuwepo, nusu yao wanafunzi wake wa zamani, na Bibi Oyposhsha alikuwa amekaa nyuma, kichwani kitambaa chake cha kuendea harusini. Fomu ya Munisa ilikuwa na mstari mmoja chini: msimamizi athibitishe kwamba jaribio halikuingiliwa na mtu. Ergash aliuacha wazi. Alijiambia atausaini baadaye, kana kwamba baadaye angekuwa mtu mwingine.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani, Daktari Saltanat, mtafiti wa viwavi. Alisoma jedwali, akarudi juu, akasoma tena.

"Binti, hizi namba umezipata wapi?"

"Nimezipima."

"Majani kilo sita, mavi kilo sita na robo. Mimi nina miaka thelathini na wadudu hawa. Namba hizi hazikupimwa, zimetungwa." Aliifunga kalamu. "Mtu anayetunga namba hana nafasi kwenye shule ile, wala kwenye mashindano haya. Wala mwakani."

Munisa alimgeukia baba yake, akimsubiri aseme ule unyevu wake.

Miguu ya Ergash ilisimama kabla yeye mwenyewe hajaamua. "Hakutunga," alisema. "Zimepimwa sawasawa. Majani ya ziada niliyatia mimi."

Mtu mmoja pale nyuma, mwanafunzi wake wa mwaka fulani, akasema kwa sauti ya ubaoni, ileile, "Badilisha kitu kimoja tu." Wakaangua kicheko. Ergash alisimama katikati ya kicheko kile akaona kumbe hakiui.

"Na mimi!" Bibi Oyposhsha alikuwa ameinuka. "Wa buluu nilikuwa nawalisha mimi. Mtoto hana kosa. Mkitaka kufunga mtu, nifungeni mimi, ila nyumbani kuna ng'ombe wa kukamua."

Daktari Saltanat alivua miwani, akaifuta muda mrefu, mabega yakimtikisika. Kisha akaifungua kalamu. "Leo nimeletewa kazi kumi na mbili zenye namba nzuri," alisema, "na sijui hata moja nyumbani kwake kulitendeka nini. Hii yenye namba mbaya naijua. Irekebishe, binti, naingoja."

Munisa alifungua daftari ukurasa mpya. Hakumtazama baba yake.

"Konzi ngapi kwa siku?"

"Moja. Halafu mbili. Mwishoni kikapu."

"Kuanzia tarehe ngapi?"

Akamwambia. Munisa akaandika. Akamuuliza bibi, naye akajibu kwa kuhesabu sala, siku kwa siku, bila kukosea hata moja. Munisa akapiga mstari chini ya jedwali.

"Na asubuhi ile niliyokuuliza nimekosea wapi," alisema taratibu, "ulikuwa unajua?"

Ergash alitaka kusema lolote lile, hata unyevu. "Nilikuwa najua," alisema.

Munisa akaliandika na hilo, kwa mwandiko uleule, kisha kwenye ule mstari wa fomu akakata neno "halikuingiliwa", akaandika juu yake "liliingiliwa", akamsogezea baba yake fomu na kalamu ili atie saini.