Mutoto Angali Analala

Ernestine hakumwamini mwanawe, na msimlaumu haraka. Franck, aliyekuwa akisoma uchumi Bukavu, alirudi nyumbani Kilibula, mjini Uvira, na viatu vipya, simu inayorekodi sauti, na maswali. Viatu alisema kanunuliwa na mjomba. Simu alisema kaazima. Maswali ndiyo yaliyomtia mama mtu shaka.

"Mama," alisema siku moja wakipepeta mchele wa Luberizi uani, "wakati mupaka ya Kavimvira inafungwa, nyinye wenye biashara munakulaka nini?"

"Nani amekutuma?"

"Hakuna muntu. Iko memwari yangu ya kumaliza masomo. Nataka kujua Uvira inaishiaka na akili gani."

Neno hilo halikumpendeza Ernestine. Kwake yeye, mtu akija kukuuliza una akili gani, basi anataka kuondoka nayo.

Na akili alikuwa nayo, tena ya kufichwa. Ng'ambo ya mpaka, Gatumba nchini Burundi, alikuwako mwenzake Arakaza, muuza maharagwe. Mpaka ukifungwa, mtu wa Gatumba mwenye ndugu Uvira alimlipa Arakaza kule, na Ernestine akampimia ndugu huyo mchele huku. Mtu wa Uvira mwenye mgonjwa Bujumbura alimlipa Ernestine, na Arakaza akahakikisha mgonjwa amepata maharagwe. Hakuna gunia lililovuka, hakuna mguu uliovuka, na watu walikula. Walipigiana simu tu. "Mutoto ameamuka" maana yake mzigo umemfikia mwenyewe. "Mutoto angali analala" maana yake kuna masikio, funga mdomo.

Wakubwa wakisikia, wangebuni ushuru wa kuvusha vitu visivyovuka. Kipaji hicho wanacho. Na hilo lingekuwa afadhali. Mpaka ukifungwa, anayeongea na ng'ambo huitwa mpelelezi, na Olive wa Songo, muuza mchele mwenzao, alishalala mahabusu kwa kupokea simu moja tu. Arakaza alikuwa na watoto wadogo na mume mgonjwa. Jina lake likitamkwa mahali pabaya, kwisha habari yake.

Basi Ernestine akapuliza makapi, akajibu, "Tunapandaka mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba. Na tunaomba Mungu."

Franck akamtazama kidogo. "Ni vile tu?"

"Ni vile tu."

Kijana alipotoka, mama naye akajitanda kitenge, akapita kwa wenzake wote wa mchele. Franck akija na simu yake, aliwaambia, jibu ni lengalenga. Jirani yake Pélagie aliuliza kama kweli wanamdanganya mtoto wao wenyewe. Ernestine alijibu kwamba mtoto anamjua, lakini aliyenunua vile viatu hamjui.

Franck akauliza nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikampa lengalenga. Hakukasirika. Hilo ndilo lililozidi kumtia mama wasiwasi, kwa sababu kijana anayepigwa changa la macho akatulia, lazima ana lake jambo. Tangu hapo, Franck akiingia ndani, Ernestine alizima simu yake na kuikalia.

Siku ya Franck kutetea kazi yake, Ernestine alipanda gari la Bukavu amevaa kitenge cha harusi. Abiria wenzake walidhani ni fahari ya mzazi. Fahari ilikuwamo, lakini hasa alikwenda kusikiliza kama jina la Arakaza litatajwa.

Halikutajwa. Franck alisimama mbele ya walimu akaeleza kilimo cha lengalenga, maji ya lengalenga na soko la lengalenga, mpaka profesa Jean-Berchmans, mzee mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akaanza kucheka. Alisema kwa Kifaransa, ambacho Ernestine alikielewa kuliko alivyowahi kukiri, kwamba jina la kazi hii linaahidi akili ya Uvira, na ndani hamna kitu ila majani. Huenda basi watu wa Uvira wanaishi kwa bahati tu, akasema, na kufikiri hawafikiri. Ukumbi ukacheka naye.

Damu ikampanda Ernestine. Mwanawe alikuwa anaanguka kwa uongo wake yeye, mji wake mzima unaitwa mjinga, na jibu analo mdomoni. Akamfikiria Arakaza. Akaifikiria miaka yote ya masomo ya Franck, ambayo ni akili ileile iliyoilipia. Kabla hajaamua lolote, akajikuta amesimama.

Profesa akauliza kama mama ana la kusema.

Franck akageuka. Aliomba ruhusa aongee na mzazi wake kwa Kiswahili, kisha akasema polepole, "Mama, ikala. Mutoto angali analala."

Ukumbi ulidhani ni habari za mjukuu. Ernestine akaketi.

Franck alipewa alama za kupita, za mwisho mwisho, bila pongezi. Nje, kwenye ngazi, mama yake alishindwa kumtazama usoni. Akamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu nilikuwa mudogo. Kila mara weye unasema kwa simu mutoto ameamuka, na mu nyumba mutoto ni minye tu, na minye niko macho."

"Sasa juu ya nini uliniuliza?"

"Nilitaka uniambie weye mwenyewe. Hata ungeniambia, singeandika."

Aibu ilimshika Ernestine. Akatoa simu yake, akampigia Arakaza palepale, mwanawe akisikia, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa kujua hata mara moja.

"Mutoto ameamuka," akasema.

Arakaza alishangaa. Mpaka ulikuwa wazi, na hawakuwa na mzigo wowote njiani. Akauliza ni mutoto gani huyo.

"Yangu," Ernestine akajibu. "Na kumbe hakulalaka. Ni minye nilikuwa nalala."