Kahawa Iliyopoa Ghala

Siku Kheiria alipofariki, mwaka tisini na saba, nyumba yao ya Mabela, Oman, ilijaa watu mpaka uani. Lakini dada yake, Masouda, hakumuona Zakiya, shoga wa marehemu, kipofu kama alivyokuwa Kheiria. Matanga yakaondolewa, Zakiya hakutokea.

Hata alipopiga simu, alianza kwa kuomba radhi. "Da Masouda, mie na mwenzetu Awadh tulikuwa kituoni Ruwi, tunakuja kwenu msibani. Dereva katwambia kadi zetu za walemavu hazifai tena, tulipe au tushuke. Tukashuka."

Masouda hakulikubali neno hilo. Miaka yote Kheiria alipanda basi bure kwa kadi ile, akenda chuoni, akenda sokoni, hakumuomba mtu ampeleke. Masouda akaanza kwenda mtaa wa Ghala, kwenye ofisi ya kampuni ya mabasi. Kila akenda, anaambiwa bukra, njoo kesho. Akasimama vituoni kuzungumza na abiria, wakamuunga mkono. Ofisini bado bukra. Mwisho akampakia Zakiya garini, na Awadh na magongo yake, na wenzao wengine wenye kadi wamebanana nyuma, wakaenda wote.

Meneja, Bwana Muhanna, ambaye wazee wake walitoka Unguja, hakuweza kufukuza wageni. Akawamiminia kahawa kwa mkono wake. Masouda akapokea kikombe, akakiweka chini. Wenzake nao wakaweka. Oman nzima inajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka ajibiwe; asipojibiwa, aibu ni ya mwenyeji.

Awadh, mpenda kahawa, akakiinua chake puani.

"Awadh," Zakiya akanong'ona, "ukipiga funda moja nitakusikia."

"Nnanusa tu, bibi wee. Kunusa nako kuna nauli?"

Muhanna akacheka, kisha akaacha. "Kunyweni, jamani. Amri si yangu, ya mwenye kampuni."

"Basi mpigie," alisema Masouda. "Sisi tupo."

Akapiga. Akaeleza habari ya kadi, akakatizwa. Akavitazama vikombe.

"Sheikh," akasema polepole, "wameviweka chini."

Akaibana simu sikioni. Kisha: "Naam. Naam, sheikh." Akaweka simu, akaimwaga kahawa iliyopoa, akamimina ya moto.

"Kunyweni. Kadi zenu zinarudi kesho."

Awadh hakukitikisa kikombe chake kusema basi mpaka birika likaisha, na Masouda akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa kila Alkhamisi Zakiya hupanda basi Ruwi, huonesha kadi, hushuka Mabela, na yeye na Masouda humsomea Kheiria Yasini.