Uvimbe wa Kiunoni Kushoto

Sare ya kiwanda ilifungwa vifungo mgongoni na haikuwa na mfuko hata mmoja, maana wenye kiwanda waliamini kila fundi ni mwizi wa nyuzi. Palibaki mpasuo mmoja tu, kiunoni kushoto. Kwa miaka mitatu Pindo, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyekunja pindo la shuka haraka kama yeye, alipitishia hapo sindano yake ya insulini, amesimama chooni, dakika tatu za ruhusa zikimkimbia. Pakavimba, ukubwa wa yai. Sindano haikumuuma tena, na hilo alilipenda.

Lakini sukari ilikataa kushuka. Kila kliniki daktari alitazama karatasi, akaongeza dozi, akaita mwingine. Kutoka uniti kumi na nne ikafika thelathini na sita. Tumbo lenyewe hakuligusa kamwe.

Aliyeligusa ni nesi mgeni, jana, akashtuka.

"Dada, nani alikuambia udunge hapahapa?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Dawa inakwama kwenye huu uvimbe. Kuanzia kesho dunga pajani."

"Kwa dozi hiihii?"

Nesi aliutazama mlango wa daktari. Daktari alikuwa ameshaondoka, na foleni bado ilifika nje. "Dozi anabadilisha daktari, mimi sina ruhusa. Muulize mwezi ujao."

Leo, saa nne, Pindo alipandisha sare yote na kudunga pajani, uniti thelathini na sita. Iliuma. Alifurahi, akadhani ndiko kupona.

Saa tano na nusu jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, mshono ukaenda upogo. Alijua ni nini: safari hii dawa yote ilikuwa imeingia mwilini. Aliogopa sana.

"Bosi, naomba nikanywe soda. Sukari imeshuka."

Msimamizi alilikagua shuka kwanza. "Ulishatoka saa nne. Na una maonyo mawili. Ukiinuka, usirudi."

"Bosi, huyu atatufia hapa," alisema Mama Pacha, wa mashine ya jirani. "Ana kisukari."

"Ana kisukari, halafu anywe soda? Mnanifanya mtoto mdogo?"

Wawili watatu walicheka, si kwa furaha.

Kazi hiyo ndiyo iliyomnunulia insulini. Pindo akakaa.

Alimaliza shuka moja. La pili lilimshinda. Kichwa kikaangukia mezani, mguu ukabaki kwenye pedali, na mashine ikaendelea kushona palepale. Mama Pacha alikimbilia mlangoni. Ulikuwa umefungwa kama kila siku, mpaka kengele ya mchana.

"Bosi, ufunguo! Bosi!"

Msimamizi alizima mashine. Kwa mkono mmoja akainua kichwa cha Pindo, kwa mwingine akavuta shuka lililokuwa chini yake, akalielekeza kwenye taa na kuligeuzageuza, akitafuta kama mate yameliharibu.