Jogoo wa Hans

Ukimwuliza Hanna Jumapili ile alimkasirikia nani, atakwambia bila kuficha: Mzee Sadoki, mzee wa kanisa. Tena si kwa jambo moja.

Kwanza ule ufa. Tetemeko dogo la mwezi wa pili lilipasua ukuta wa madhabahuni toka chini hadi kwenye paa. Mwalimu Eliya wa shule yetu akawaeleza waumini wa usharika kwamba Mlima Meru haujakasirika wala hakuna aliyelaaniwa. Nchi hii ya Bonde la Ufa inavutwa polepole kule chini, miamba inang'ang'aniana, siku ikiachiana ndipo sisi huku juu tunatikisika. Ukuta hauna zege wala nondo, akasema, ubomolewe kabla haujaanguka. Mzee Sadoki akaupaka saruji, juu yake rangi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akajigamba, "na mimi nimeziba!" Haya, nani ambishie mzee?

La pili lilikuwa la mtoto. Hanna alikaa miaka mingi bila kuzaa, na alipompata Hans akaapa kumtolea Mungu jogoo. Sasa usiku wa kuamkia Jumapili ile Hans alilia kutwa kucha kwa kuota meno. Usingizi ulipomchukua ibada ikiisha, Hanna akamlaza benchi la mbele, akamfunika kanga, akasimama mlangoni ili amwone huku mnada wa sadaka ukiendelea nje. Jamani, mtoto akilala hivyo humgusi!

Kijana Prosper, mnadi wa kanisa, alikuwa ananadi yule jogoo wa nadhiri ya Hanna. Mnada wetu mnaujua: mtu ananunua, anarudisha, kinanadiwa tena, hadi kuku mwenyewe anachoka. Mzee Sadoki akawashinda wote, akamwinua jogoo juu.

"Huyu nampa Hans! Aje ampokee kwa mkono wake."

"Shikamoo babu. Amelala, nitampokelea mimi," Hanna akasema.

"Marahaba. Zawadi ya mtoto haipokelewi na mama. Mlete!"

Vigelegele vikapigwa. Hanna akaingia huku akisonya, akambeba mtoto, kanga akaiacha pale pale. Hans akaangua kilio cha kuamsha kijiji kizima.

Walipofika kwenye nyasi ardhi ikanguruma. Migomba ikayumba bila upepo, watu wakashikana. Kisha ukuta wa madhabahuni, na saruji yake na rangi yake, ukaangukia ndani.

Vumbi lilipotulia, benchi la mbele halikuonekana. Chini ya matofali ulichungulia upindo wa kanga tu.

Hakuna aliyeumia. Mzee Sadoki alipiga magoti, machozi yanamchuruzika. "Mwanangu, ukuta ule niliupaka mimi."

Hanna akaketi kando yake na Hans mapajani. Hasira aliitafuta, hakuiona. Moyo ulimjaa shukrani.

"Ndiyo babu, uliupaka wewe," akasema. "Na mtoto wangu umemwita wewe. Asante. Asante sana, babu yangu."

Hans, huku bado analia, akanyoosha mkono akamshika jogoo mkia.