Sekunde Nne za Mwanzo

Miaka kumi na mmoja nimekata filamu kwa sikio, na nilijivunia hilo kupita kiasi. Navaa hedifoni, nasubiri neno la kwanza, natupa kila kilichotangulia: pumzi, kikohozi, mtu kujikuna. Watu wangu huingia wakisema jambo la maana, na bosi alikuwa akiwaonyesha wageni kazi zangu.

Kwa hiyo ofisi ya ustawi wa jamii ilipotaka filamu kuhusu haki za watoto wanaolelewa kwenye makao, filamu ambayo kiziwi, asiyeona na asiyejua kusoma wote wangeielewa, nilijiona fundi. Nilishatengeneza tano za namna hiyo. Lugha ya alama nilijua neno moja tu, asante, na hata hilo mkalimani wetu alisema nalifanya kama mtu anayefukuza nzi.

Mkalimani ni mama wa makamo, namwita dada. Ndiye aliyemleta Binti studio.

Binti alikuwa kiziwi, na miezi miwili baadaye angetimiza miaka kumi na nane, makao yamtoe na begi lake. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, naye kiziwi. Makao yao ya kwanza yalipofungwa waligawanywa, huyu huku, yule kule. Kwa miaka minne kila alipouliza aliambiwa kwamba habari za mtoto hapewi mtoto mwenzake. Sasa filamu yetu ingeonyeshwa kwenye makao yote, na mtoto yeyote angeweza kumwomba mlezi wake amkutanishe na ndugu yake. Haki hiyo imo kwenye filamu yenyewe, ni ya tatu.

Masharti ya ofisi yalikuwa mawili: sura za watoto zisionekane, majina yasitajwe. Tulimpiga picha Binti kuanzia ncha za masikio kushuka chini. Kabla hatujaanza aliuliza jambo, macho yake yakiwa kwangu.

"Anauliza mdogo wake atamjuaje bila uso," mkalimani alisema. "Nimemwambia aanze na jina la ishara la mdogo wake. Alimtungia mwenyewe, wanalijua wawili tu. Mimi sitalitamka, kaka. Litakuwa mikononi mwake tu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada. Mwambie litakuwemo."

Nilisema hivyo huku nikibadilisha betri za kipaza sauti. Binti aliitikia kwa kichwa, akajipangusa viganja kwenye sketi, akaanza.

Wiki tatu baadaye nilikuwa na watoto ishirini na sita kwenye kompyuta na bosi mlangoni kila baada ya nusu saa. Mkalimani alipiga simu.

"Usifunge kazi kabla sijaiona."

"Dada, hii ya sita sasa. Nifundishwe leo?"

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, tukacheka wote.

Nikafika kwenye sehemu ya Binti. Alivuta ncha ya sikio mara mbili, akagusa kidevu, kisha mikono ikashika kasi na sauti ya mkalimani ikaingia kwa nyuma: "Nina mdogo wangu. Tuligawanywa. Sijakuacha. Waombe watukutanishe kabla sijatoka." Nikaona msichana ana woga wa kamera, anajishikashika. Nikakata sekunde nne, akaanza vizuri, nikafunga kazi bila kumwonyesha mkalimani.

Filamu ilianza kuonyeshwa wiki tatu kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Makao yake yalikuwa ya mwisho kwenye orodha, hivyo hakuiona. Alimwuliza mkalimani kila siku kama kuna aliyejitokeza. Hakuna. Siku ikafika, akatoka, na baada ya siku nne ujumbe wa mkalimani ukawa haumfikii tena. Makao walisema aliyeondoka si wao tena, faili limefungwa.

Mwezi uliofuata tulizunguka kukusanya maoni ya watoto. Kwenye makao ya nne kulikuwa na mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Tulikaa naye chumba cha kulia, meza bado ina unyevu wa kufutwa. Mkalimani akamwuliza amependa sehemu gani.

"Amempenda yule dada anayemtafuta mdogo wake," akanitafsiria. "Ameomba arudishiwe mara tano. Mikono yake inafanana na ya dada yake."

Nikaacha kuandika.

"Alitaka kumwambia mlezi, akasita, akaacha." Sauti yake ilipungua. "Anasema angekuwa dada yake, angeanza kwa kumwita."

Mkalimani alimwuliza anaitwaje. Mvulana akavuta ncha ya sikio mara mbili, akagusa kidevu, palipokuwa na kovu la zamani.

Wala sikuhitaji hedifoni. Nilijichukia, mimi na sikio langu.

"Kaka," mkalimani alisema bila kunitazama, "ulimwanzisha wapi?"

Picha zote, hata nilizozikata, zilikuwamo kwenye kompyuta yangu ya begani. Nikaiweka mezani, nikazitafuta zile sekunde nne, nikambonyezea. Mvulana aliangalia. Akaomba tena, akaangalia, na safari hii akaweka kidole kwenye kioo juu ya mkono wa dada yake, akamfuata kutoka sikioni hadi kidevuni. Alicheka, na machozi yakamtoka humohumo.

Kisha akanigeukia mimi, siyo mkalimani, akamwonyesha dada yake kwenye kioo, akafungua viganja vyote viwili, nyusi juu, akatazama mlangoni, akanitazama tena.

Mkalimani alivuta pumzi anitafsirie. Nikamwambia aache, hilo nimelielewa.