Kikopo cha Lakot

Sifuna hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndiyo sababu wakubwa wa maabara pale Nakawa walimwachia yeye, Mkenya wa Bungoma, kazi ya kutafuta kipimo cha kifua kikuu ambacho hata mchuuzi wa nyanya angekimudu. Mashine walikuwa nayo, tena nzuri, inayotambua vinasaba vya mdudu hata akiwa haba, lakini katriji yake moja, kile kikasha kinachotiwa makohozi, ilikuwa ghali kupindukia. Basi Sifuna akabuni ujanja: makohozi ya watu wanne yachanganywe katika katriji moja. Mdudu asipoonekana, wote wanne waende zao. Akionekana, kila mmoja apimwe peke yake. Sharti lilikuwa moja tu. Kikopo chenye mate matupu kirudishwe, mwenyewe akakohoe upya, maana mate yakichanganywa na vikopo vingine vitatu, hata mdudu aliyemo hupotea.

Ndipo akaja Lakot, mke wa askari, jasho likimtiririka. Kikopo chake kilikuwa na povu jeupe.

"Musawo, hiyo tu ndiyo iko," alisema, akimwita daktari kwa lugha ya pale. "Kliniki mbili wamenifukuza. Nimetoka Mbuya na miguu."

Sifuna akamwonea huruma, akakipokea. Huruma, jamani! Katriji haikuona kitu, Lakot akaambiwa ni mzima, akarudi kwake kukohoa kwa amani. Miezi minne baadaye aliletwa amebebwa. Safari hii alipimwa peke yake na mdudu akaonekana, lakini dawa zilimkuta ameshakwisha. Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Sifuna hayakungoja hata siku. Kila alipofungua daftari la mwezi ule alikiona kile kikopo.

Baada ya mazishi, Ochan, mume wa Lakot, alikuja na kopo la karanga zilizosagwa na ufuta. Nyuma yake alisimama binti yao, Abalo, akikohoa.

"Nimekuja kushukuru," alisema Ochan. "Bibi yangu alikuwa anasema wewe peke yako hapana mufukuza. Sasa pima huyu pia."

Sifuna alilipokea kopo kwa mikono miwili, akaliweka mezani, aibu imemjaa hadi masikioni. Angeweza kunyamaza. Akampa binti kikopo. Kikarudi na povu jeupe.

"Aje kesho asubuhi, kabla ya kula, akohoe kutoka ndani kabisa," alisema, akimpa binti kikopo kingine. "Haya ni mate."

Uso wa Ochan ukabadilika. "Hata wewe, musawo?"

"Hata mama yake nilipaswa kumrudisha, afande. Nilipokea mate yake. Ndiyo maana sikuuona ugonjwa."

Ochan akalichukua kopo lake la karanga, akamshika binti yake mkono, wakatoka.

Kesho yake saa moja asubuhi Abalo alibisha mlangoni, kikopo mkononi, makohozi mazito ndani yake. Baba yake alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Hakuvuka.