Kiungo cha Nyuma ya Choo

Okwera alikuwa amepiga magoti nyuma ya choo cha Lailah, shavu limegusa ukuta, akipapasa mdomo wa bomba la zamani. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kikabaki makali matupu. Juu yake bomba jipya la plastiki lilishuka kutoka ghorofa ya tatu, jeupe, halijashikana na kitu. Alilisukuma ndani ya lile la chuma. Likazama, likacheza. Pande zote palibaki pengo la upana wa kidole.

"Huko juu msimwage maji!" alipaza sauti.

Mtu akamwaga. Maji ya vyombo na makombo ya ugali yakamshukia begani. Hakutukana. Alijifuta jicho kwa kiwiko, akatoka kinyumenyume.

Lailah alikuwa amesimama mlangoni, mtoto wa wiki tatu kifuani. "Fundi, leo siku ya nne. Haja naendea jengo la pili, na mshono wangu bado mbichi."

"Kola ikifika, Mama Nasif, ni kazi ya saa moja."

Kola aliyoisema ni mpira mnene wenye mikanda miwili ya chuma, mmoja wa kubana bomba la plastiki, wa pili wa kubana la chuma, kila moja kwa unene wake. Bila hiyo mabomba ya aina mbili hayashikani. Okwera, fundi bomba wa miaka ishirini na sita, alikuwa akiiomba kila asubuhi tangu Jumatatu.

Badala yake alikuja Tarcisio, msimamizi wa mkandarasi, ameshika kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Nyuma yake alikuja Afande Ocaya, mkuu wa kota hizo, nyumba za askari polisi.

"Kola ziko wapi?" Okwera aliuliza.

"Kola ziko kwa karatasi," Tarcisio alisema, akacheka peke yake. "Zungusha hii mpira, paka simenti juu, maliza. Kesho saa nne wageni wanafungua hii vyoo mpya. Nani atachungulia nyuma ya choo?"

"Haitashika. Watu wa ghorofa zote wakivuta maji pamoja, itaachia. Na chini hapa kuna mzazi."

Afande Ocaya hakumtazama. Alikuwa akitazama kamba ya nguo, ilipoanikwa sare moja ya kike.

"Hiyo ni ya Koplo Ajok?"

"Ndiyo, afande. Ya mke wangu."

"Wewe ni askari?"

"Hapana, afande."

"Unalala kwa nyumba ya askari kwa mgongo ya mke. Mimi nimekuuliza?"

"Hapana, afande."

"Basi na wewe usiniulize maneno ya kola."

Okwera alirudi nyuma ya choo. Aliuzungusha mpira mara tatu, akaukaza kwa waya hadi waya ukamchana vidole, akapaka simenti akiilainisha taratibu, kama mtu anayefanya kazi ya kweli. Alipotoka, Tarcisio alimpa karatasi iliyosema viungo vyote vimefungwa kwa kola. Akatia sahihi.

Jioni Ajok alikuwa akipiga pasi.

"Ungekataa, Baba Adoch."

"Tukalale wapi?"

Ajok alipuliza makaa ya pasi, akaendelea na kola ya shati lake.

Kesho yake wageni walikuja na bendi ya tarumbeta. Utepe ulikatwa, hotuba ikasomwa, mgeni mmoja akapandishwa ghorofa ya tatu akavuta maji mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Kisha wakazi, waliokuwa wamekaa siku tano bila choo, wakakimbilia vyumbani mwao na kuvuta, ghorofa baada ya ghorofa.

Okwera alikuwa ameegemea ukuta wa Lailah. Alisikia bomba likigugumia, kisha kitu kikakatika. Lailah akapiga yowe.

Alipoingia, maji taka yalikuwa yamefika vifundoni. Lailah alikuwa kitandani, amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili, hawezi kushuka. Okwera alijipenyeza nyuma ya choo, akalikumbatia bomba, akalibana kwa kifua.

"Acheni kuvuta! Jamani, acheni!"

Tarumbeta zilikuwa zikilia. Kila maji yaliyoshuka yalimpiga kidevuni, yakaingia shatini. Alibana hadi mikono ikafa ganzi, hadi mtu akamshika ukosi kwa nyuma na kumburuta nje, mbele ya wageni waliokuwa wameziba pua.

"Huyu ndiye alifunga," Tarcisio alikuwa akieleza, karatasi mkononi. "Kola aliuza. Sahihi yake hii hapa."

"Sikuuza! Sikuletewa hata moja!"

"Mpelekeni kituoni," alisema Afande Ocaya.

Kituo kilikuwa hapo hapo, nyuma ya uwanja wa gwaride. Zamu ya kaunta ilikuwa ya Ajok. Alimwona mumewe akiingia kati ya askari wawili, amelowa. Akafungua kitabu.

"Jina?"

Okwera alimtazama mkewe.

"Muulize vizuri," alisema Afande Ocaya, aliyesimama nyuma ya Ajok.

"Jina lako?"

"Okwera."

"Kazi?"

"Fundi bomba."

"Makao?"

"C tatu. Hapa hapa."

Afande Ocaya aliinama juu ya bega la Ajok. "Raia hana nyumba kwa kota ya askari. Andika: hana makao maalumu."

Kalamu ilisimama. Chumba cha mahabusu kilikuwa wazi.

"Koplo."

"Ndiyo, afande."

Aliandika maneno yote matatu kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akamwambia mumewe avue mkanda na viatu.

Mkanda aliuvua. Kamba za viatu zilikuwa zimelowa na kukaza, na vidole vyake vilivyochanika havikuweza kuzifungua. Alijaribu. Alijaribu tena. Ajok akatoka nyuma ya kaunta, akainama katika sare yake, akazifungua moja baada ya nyingine, akamvua viatu. Alivikung'uta maji mlangoni, akaviweka ukutani, kwenye mstari wa viatu vya wengine.